Pikipiki Haili Kelele

Kuna maneno yanayosemwa sana siku hizi katika vibanda vya mafundi hapa Voi, nayo ni haya: toa chujio, kata sailensa, mashine ipumue. Vijana huyasema kwa yakini ya mtu aliyehitimu chuo. Leo nataka kuyapinga maneno hayo, kwani ni nusu tu ya maneno, na ile nusu isiyosemwa ndiyo yenye kazi na ndiyo yenye gharama. Tena nina haki ya kuyapinga, maana nusura yaniue njia ya Mombasa, karibu na Maungu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anakaa Mombasa. Yeye ni kijana wa kazi na ibada, sina la kumlaumu isipokuwa moja: anapenda vitu vikubwa. Mwaka jana alinunua pikipiki iliyokwisha kutumika, ya mtindo ule wa kukaa kwa raha, miguu mbele na mikono imenyooka, ambayo wenyewe huiita kruza. Injini yake ina silinda mbili zilizopangwa mfano wa herufi V. Haina kabureta, petroli hupulizwa na sindano zinazoamrishwa na kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameshaifanyia urembo. Alitoa mabomba ya kiwandani akatia mawili mafupi yaliyo wazi, na kisanduku cha hewa akakiondoa, pahali pake akaweka chujio la wazi lenye umbo la koni. Ikiwashwa uani kwangu, paka wa nyumba ya tatu hukimbia.

Alikuja nayo Voi siku ya Alhamisi, akapanda nayo Wundanyi kusalimia rafiki zake, akateremka jioni. Wakati wa kuteremka, kila alipoachia akseleta, mabomba yalilia pa! pa! pa! kama bunduki. Yeye alifurahi. Askari wa lindo katika ghala moja la Mwatate, nilivyosimuliwa, hakufurahi hata kidogo.

Asubuhi yake tulishika njia kwenda Mombasa, kwenye hitima ya shangazi yangu, mimi nimepakiwa nyuma kama gunia. Tulipokaribia Maungu tulilikuta trela limepakia saruji, likijikokota. Mpwa wangu akaangalia mbele, akaona njia ni nyeupe, akatoka, akavuta akseleta. Pikipiki badala ya kuruka ikakohoa, ikanyamaza kidogo, kisha ikakohoa tena. Sisi tuko upande usio wetu, ubavuni mwa matairi ya trela, na mbele basi limejitokeza. Haikupita muda wa mtu kupepesa macho mara mbili kabla mashine haijazindukana ikatuvuta. Dereva wa trela, Mungu amrehemu popote alipo, alikuwa amekwisha kanyaga breki. Pale Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio karibu na kaburi la Seyyid Baghali ambapo wasafiri wengi husimama, tulisimama nasi. Hatukusemezana. Niliswali rakaa mbili za shukrani, na nilipotoka nilimwona kijana ameketi kwenye kizingiti anaitazama mikono yake.

Kisa chenyewe ni hewa na mafuta. Injini haili petroli peke yake, wala haili kelele. Inakula mchanganyiko. Kwa uzito, gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 hivi za hewa ndipo iungue yote bila kubakiza kitu. Ukitaka nguvu nyingi, kama wakati wa kulipita trela, huilisha petroli zaidi kidogo, gramu moja kwa 12.5 au 13 za hewa. Hewa ikizidi mno, mchanganyiko huwa mkavu: injini hupata joto, husita ukivuta akseleta, na husukuma na kuacha, kusukuma na kuacha, hata kama umeshika mwendo mmoja. Petroli ikizidi, huwa mbichi: moshi mweusi, harufu ya mafuta, plagi imejaa masizi, na petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda hata pistoni ikasuguana na chuma kikavu. Maneno haya mawili, mkavu na mbichi, ni yangu. Fundi wako akiwa na mazuri zaidi, nitumie.

Msomaji wa pwani aliyefikia umri wangu analijua jambo hili kabla hajaiona pikipiki. Nani asiyekumbuka karabai kwenye maulidi au harusi? Mtu mmoja aliwekwa kazi yake ni hiyo tu, kuipiga pampu na kuitazama. Mafuta yakizidi hewa, ndimi za moto wa manjano hupanda, kile kijifuko cheupe kinachotoa nuru kikatiwa masizi, na ukumbi wote ukaingia giza. Ikipata kipimo chake, hutoa mwanga mweupe na mlio mdogo wa mfululizo, kama mtu anayevuta pumzi bila kuitoa. Hakuna aliyesema karabai inayotoa moto mkubwa ndiyo yenye nuru.

Marehemu baba alikuwa mchochezi wa moto katika magari ya moshi ya njia ya Mombasa na Nairobi, zama za zile injini kubwa za Garratt za aina ya 59, zilizotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja yao, Mount Gelai, namba 5918, imewekwa katika makumbusho ya reli Nairobi kwa anayetaka kuitazama. Zilichoma mafuta mazito, si makaa. Baba alituambia kwamba jicho lake moja lilikuwa kwenye geji ya mvuke na la pili kwenye dohani. Moshi mweusi, umemwaga mafuta bure. Dohani safi kabisa bila moshi wowote, umeingiza hewa ya ziada, nayo inaupoza moto, na geji itaanza kushuka. Alichokitafuta ni ukungu mwembamba wa kijivu. Treni yote ile, na abiria waliolala, ilipandishwa kutoka pwani hadi bara na mtu aliyekuwa akiangalia rangi ya moshi.

Voi pana fundi mmoja wa pikipiki, Mtaita, mtu mzima, ambaye kibanda chake kiko chini ya mwarubaini. Simtaji jina kwa kuwa hapendi. Tangu mwaka 2008, Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo na bodaboda zikatapakaa kila kijiji, mkono wake haujapumzika. Huyu anazijua kabureta kama mimi nizijuavyo tasbihi zangu. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, na Wundanyi ni zaidi ya mita 1,300. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupungua uzito kiasi cha sehemu moja katika kumi. Kwa hivyo bodaboda iliyorekebishwa vizuri hapa mjini, ikimaliza zile kona za kutoka Mwatate kwenda juu, huwa mbichi: petroli ni ile ile, hewa imepungua. Iliyorekebishwa Wundanyi ikiteremka Voi huwa kavu. Fundi humwuliza mteja kwanza, "Unalala wapi, unapakia wapi?" kisha ndipo huchukua bisibisi. Huigeuza skrubu robo mzunguko, hutega sikio, hurudisha kidogo. Nimemwona akimfukuza kijana aliyekuwa akipiga muziki karibu, kwa sababu hakusikia injini.

Tuliporudi kutoka hitimani tulimpelekea ile kruza. Akaizunguka. Akaomba iwashwe, akasikiliza, akaomba izimwe. Akatoa plagi mbili, zote nyeupe kama chaki, na ile ya silinda ya nyuma nyeupe zaidi. Akasema, "Mzee, hii inakufa njaa. Na huyu wa nyuma anakufa mbele ya mwenzake, kwa sababu hapati upepo." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulijua: tangu petroli yenye risasi ilipoondolewa nchini kufikia mwaka 2006, plagi hazisemi wazi kama zamani. Zamani ungeiona ile rangi ya kahawia nyepesi ukajua kila kitu. Siku hizi plagi yaweza kukudanganya, inatakiwa uulize na mashahidi wengine.

Shahidi wake wa pili alikuwa kwenye kiungo cha bomba. Aliyebandika mabomba mafupi hakubadilisha gasketi, na pale mahali palikuwa pakivuta hewa ya nje. Jambo hili lina madhara mawili. Kwanza ndilo lililochangia ile milio ya bunduki: petroli kidogo isiyoungua inatoka, inakutana na hewa mpya ndani ya bomba la moto, inalipuka huko. La pili limejificha. Ndani ya bomba kuna kihisio, kidude chenye ukubwa wa kidole ambacho kilianza kutumiwa katika magari mwaka 1976, kazi yake kunusa hewa iliyosalia baada ya moto na kuipa habari kompyuta. Hewa ikiingia kwa nje, kihisio hudhani injini imekula hewa nyingi, kompyuta ikaongeza petroli isiyotakiwa. Kwa hivyo mashine ile ile ikawa mbichi ikienda taratibu na kavu ikivutwa kwa nguvu. Bomba fupi lililo wazi huzidisha ugonjwa huu hata kama gasketi ni nzima, kwa kuwa injini ikizunguka polepole, pumzi hurudi nyuma ikavuta hewa ya nje kupitia mdomo wa bomba.

Fundi akatia gasketi mpya, milio ikapungua sana. Kisha akainama kutafuta skrubu ya kumaliza kazi yake. Hakuna skrubu. Akainuka, akajifuta mikono, akamtazama mpwa wangu, akasema, "Mimi nimefika hapa. Hilo lililobaki limo ndani ya kile kisanduku, na mimi sina mlango wa kuingilia."

Ndugu msomaji, nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Mtu aliyefanya kazi ya mikono zaidi ya miaka ishirini anasema mbele ya vijana wake kwamba hapa ndipo elimu yangu ilipokoma. Ni wangapi katika sisi, waandishi na wasomi, tuwezao kusema hivyo?

Kwani hebu tutazame kilichomo ndani ya kisanduku. Kompyuta ile ina jedwali. Upande mmoja kuna kasi ya injini, upande mwingine kiasi cha kufunguka kwa akseleta, na katika kila chumba cha jedwali imeandikwa hesabu ya petroli ya kupuliza. Vihisio vya joto na kanieneo husahihisha hesabu hiyo, na ndiyo maana pikipiki ya sindano ikipanda Wundanyi haipati taabu ya kabureta. Inajua yenyewe kwamba hewa imekuwa nyepesi. Hili ni jambo jema, na nakiri kwamba zamani nilikuwa nikizibeza mashine hizi bure. Kawasaki iliuza pikipiki ya sindano za elektroniki mwaka 1980, Harley-Davidson ikaanza mwaka 1995, na India ilipokaza sheria za moshi mwezi wa Aprili 2020, sehemu kubwa ya pikipiki mpya za huko ziliachana na kabureta ya kawaida. Zitatufikia zote, tupende tusipende.

Lakini jedwali lile liliandikwa na waliotengeneza mashine, kwa chujio lao na mabomba yao. Ukibadilisha njia ya hewa kuingia na njia ya moshi kutoka, umebadilisha swali, na jibu lililoandikwa ni la swali la zamani. Kihisio husaidia kidogo ukiwa unakwenda mwendo mmoja wa taratibu, tena kihisio cha kawaida ni kama mtu anayeonja mchuzi akaweza kusema chumvi imezidi au haijafika, asijue imezidi kiasi gani. Ukivuta akseleta kwa nguvu kompyuta haimsikilizi tena; inafuata jedwali peke yake. Basi pale Maungu, ubavuni mwa trela, sisi tulikuwa tumeketi juu ya jibu la swali lisiloulizwa.

Baada ya fundi yule kukiri, akatokea kijana wa kibanda cha jirani mwenye dawa ya haraka. Alitaka kutia kipingamizi kidogo cha umeme kwenye waya wa kihisio cha joto la hewa, ili kompyuta idhani Voi imeingia baridi kali. Hewa baridi ni nzito, kwa hivyo itaongeza petroli. Nilicheka, kisha nikakasirika. Hiyo ni kumdanganya hakimu ili akupe hukumu unayoitaka. Petroli itaongezeka kila mahali, penye njaa na penye shibe. Utapata plagi nyeusi mjini na bado utakuwa mkavu njiani. Na Voi yenyewe, watu wa pwani mnaijua kwa joto lake!

Tiba ya kweli tuliipata kwa mtu mmoja Mombasa aliye na kihisio cha aina ya pili, kile kinachosoma kiasi kamili, na kompyuta ya mkononi yenye programu ya kufungua lile jedwali. Alikifunga kihisio kwenye bomba, mpwa wangu akaendesha, namba zikaandikwa, wakakaa kuzisoma kama mahasibu. Pale mwendo ukiwa wa taratibu, namba zilikuwa karibu na 14. Akseleta ikifunguliwa nusu na kuendelea, zilipanda kupita 16, na za silinda ya nyuma zilikuwa mbaya zaidi. Wakajaza vyumba vya jedwali kimoja kimoja, silinda ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, wakaendesha tena, wakasahihisha tena. Kazi ilichukua siku mbili. Sehemu kubwa ya siku hizo ilikuwa ni kungoja injini ifikie joto lake, kwa sababu ukipima mashine baridi umepima kitu kingine.

Na jambo moja ambalo halina kompyuta: lile chujio la koni lilitolewa. Sisi watu wa Voi tunaishi juu ya udongo ambao umewatia wekundu hata ndovu wa Tsavo. Chujio la wazi lisilopakwa oili yake na kusafishwa kila mara, katika vumbi letu, ni mlango uliovunjwa. Mpwa wangu alipolishika na kulipangusa kwa kitambaa cheupe upande wa ndani, kitambaa kilitoka na rangi ya matofali. Vumbi hilo lilikuwa likienda moja kwa moja kusaga silinda. Kisanduku cha zamani kilipatikana kwa mwenyewe wa kwanza, kimetiwa viatu ndani.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu na vijana. Wapo wanaosema, mzee, kelele ni usalama, dereva wa trela atakusikia. Dereva wa trela anayekuja mbele yako, vioo vimefungwa, injini yake inanguruma chini ya miguu yake, hakusikii mpaka umeshampita, kwa kuwa mlio wa bomba unakwenda nyuma. Anayekusikia ni mgonjwa aliyelala hospitalini Voi saa nane za usiku, na mtoto aliyetoka kulazwa. Sheria ya kudhibiti kelele ipo tangu mwaka 2009, ingawa sitaki kuwaita polisi katika jambo ambalo adabu ingelimaliza.

Wapo pia wanaosema kurekebisha jedwali ni anasa ya matajiri. Hapo ndipo ninapowashika. Mtu anatoa fedha nzuri kununua mabomba, anatoa nyingine kununua chujio, na anapoambiwa sasa lipa apimwe, anasema hana. Fedha ya kelele ipo, ya kipimo haipo! Kama huna fedha ya kupima, una njia isiyo na gharama: acha mabomba ya kiwandani mahali pake. Hakuna aibu ndani yake. Aliyelipanga jedwali lile alikuwa na maabara, nawe una bisibisi ya kukopa.

Na kwa wale wenye uwezo na madaraka katika kaunti yetu, na kwa vyuo vya ufundi, ombi langu ni dogo. Yule mzee chini ya mwarubaini hana haja ya kufundishwa kusikiliza injini. Yeye ndiye awafundishe wengine. Anachokosa ni kihisio kimoja, kompyuta moja, na mtu wa kukaa naye wiki mbili amfungulie lile jedwali, kwa Kiswahili, pasipo kumcheka. Nimemwuliza kama angependa. Akaniuliza bei kabla sijamaliza swali, na nilipomtajia akanyamaza kidogo, akarudi kwenye kabureta aliyokuwa ameishika.

Mpwa wangu ameahidi kumletea kile kihisio akija kwa Idi, waanze na hiyo hiyo kruza. Mimi nimemwagiza aje pia na yale mabomba ya kiwandani, kwani nimeambiwa na dada yangu kwamba yako Mombasa, yamelala chini ya kitanda.